Hita ya Mama Mkwe

Kinanda alimwona mpiga chapa kupitia dirisha: shuka mbili mabegani, soksi zilizokatwa vidole mikononi, anachapa barua huku akipuliza kucha. Mtu mwingine angeona huruma. Kinanda aliona riziki.

Waliompa jina hilo hawakukosea, maana ukimgusa tu anaimba. Aliuza hita za umeme. Au tuseme hita moja, kwani nzima ilikuwa hiyo hiyo, na hata hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake. Mama wa watu, mgonjwa wa magoti, alidhani imepelekwa kwa fundi, na alitaka irudi jioni hiyo bila kukosa. Zilizobaki zilikuwa maganda: ndani balbu nyekundu, na tofali la kuongeza uzito. Anakuonyesha nzima, anapokea pesa, anakupa "mpya" iliyofungwa kwenye boksi, nawe umekwisha.

"Hodi, mama! Ofisi nzuri hii, ila baridi itakumaliza. Hita ninazo hapa."

"Karibu. Chumba chenyewe hatua nne kwa tatu. Unanishauri ipi?"

"Ya feni usiiguse, mama. Inanguruma, na karatasi zako zitaruka kama kuku. Hii yenye mafuta ndani iko kimya, na chumba kikipata joto inajizima yenyewe. Bei ya dukani unaijua. Mimi nakupa kwa nusu, nimekupenda bure."

Akaichomeka. Baada ya dakika kumi mpiga chapa alivua shuka moja. Baada ya ishirini alivua ya pili, akatoa pesa bila kuomba apunguziwe hata senti. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Kinanda alizitia mfukoni.

"Sasa nikuletee mpya, iko hapo mlangoni kwenye boksi."

"Ya nini? Kwani hazifanani?"

"Mapacha, mama!"

"Basi niachie hii, nimeshaizoea."

"Lakini hii ni ya maonyesho, imechoka."

"Hata mimi nimechoka. Tutaelewana."

Kinanda alicheka peke yake, akatoa pesa mfukoni. "Basi, mama, chukua pesa zako, nitapita siku nyingine."

"Subiri kidogo." Mpiga chapa alichomoa karatasi kwenye rundo. "Nisomee hii, macho yananisumbua."

Kinanda akasoma kwa mbwembwe: "'Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi. Mimi mshona viatu namlalamikia mtu mrefu, mwembamba, mwenye masharubu ya panya, asemaye bila kumeza mate, aliyeniuzia hita yenye balbu na...'" Sauti ilififia. Mkono ukapanda wenyewe kufunika masharubu.

"Wiki hii nimechapa tatu za namna hiyo," alisema mama yule kwa upole. "Mwenye hiyo anakuja kuichukua sasa hivi. Utamsubiri?"

"Hapana, mama."

"Basi hita inabaki, na hizo pesa ziache mezani, nitamkabidhi. Boksi lako usilisahau."

Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Kinanda alijumlisha njiani, akaona zake hazijafika hata ishirini, akahisi ameonewa.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, kanga imefunika magoti.

"Umerudi, mkwe wangu! Fundi kasemaje?"

"Kanibadilishia, mama. Hii ndiyo ya kisasa."

Akaichomeka. Sebule nzima ikawa nyekundu, ikapendeza kweli. Mkewe, aliyemjua mume wake nje ndani, aliiangalia mara moja tu, akaenda zake jikoni.

"Mbona sisikii joto?" aliuliza mama mkwe.

"Inachelewa kidogo, mama. Ipe dakika kumi."

Mama mkwe akavuta kiti karibu, akaielekea saa ya ukutani. Kinanda alisimama pembeni akiitazama saa hiyo hiyo.

Dakika ya kumi na moja mama mkwe alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Koti," alisema.

Kinanda akavua.

"Na soksi."