Mkono wa Bibi Khuyen

Sogeeni, enyi wenye masikio, wa karibu na wa mbali; acheni chai ipoe, niwasimulie siku Luong Thi Khuyen, mshona mapazia wa San Jose, mjane asiyetishwa na cherehani wala na wakwe, alipouinua mkono wake wa kuume katika ukumbi wa chini wa maktaba.

Tulikuwa wazee kumi na mmoja, Wavietnamu watupu, na mbele yetu Mwalimu Pruitt, jemadari wa subira. Miezi minane alitufundisha vile vineno vidogo vya Kiingereza, "a" na "the", vinavyotangulia majina ya vitu, ambavyo lugha yetu haikuwahi kuvihitaji, na jinsi ya kutaja sifa kabla ya kitu, wekundu kabla ya gari. Kila alipouliza, "Mmeelewa?" tuliitikia kwa vichwa, maana kwetu kumuuliza mwalimu swali ni kumtangazia kwamba hajui kufundisha. Hakuna aliyeelewa hata chembe.

Kwa adabu hiyo tuliteka somo baada ya somo, hata asubuhi ile mwalimu akatamka kwa furaha: "Jumatatu mnapanda darasa la juu! Mmeelewa yote?"

Vichwa kumi vikaitikia. Cha Khuyen kikagoma. Mjukuu wake wa Omaha, asiyesoma ila Kiingereza, alikuwa amemjibu barua yake ya Kiingereza: "Bibi, sikuelewa ulichoandika." Maneno hayo aliyalia siku mbili.

Mkono ukaanza kupanda.

"Shusha huo mkono, dada!" akanong'ona Mzee Toan, kinara wa waitikiaji. "Utamwaibisha mwalimu wa watu!"

"Wewe endelea kuitikia, kaka. Shingo nayo inataka mazoezi."

Akasimama, majeshi ya hofu yakimzingira, akanena: "Mwalimu, nisamehe, kosa ni la vichwa vyetu. Nimeshona mapazia ya nusu ya mji huu, lakini hako kaneno "the" kamenishinda. Kanakaa wapi, na lini? Na kwa nini wekundu utangulie, wakati kinachokuja kunigonga ni gari?"

Mwalimu Pruitt akaketi.

"Miezi minane nangoja swali," akasema. "Nilishadhani hamnipendi. Nani mwingine hajaelewa?"

Mikono kumi ikapaa, wa Mzee Toan juu kuliko yote.

Basi na iandikwe katika tarikh kwamba siku hiyo jeshi letu lilirudi nyuma hadi ukurasa wa kwanza, likishangilia. Baada ya wiki sita Khuyen alipeleka Omaha mistari minne, na jibu lilipofika alitusomea akiwa amesimama:

"Bibi, nimeelewa. Niandikie tena."