Kufunguliwa kwa Dirisha la Ateliye ya Nyakabiga

Sogeeni, enyi watu wa milimani na nyinyi mnaokaa kando ya Tanganyika. Acheni sufuria zichemke zenyewe, nyamazisheni watoto, mnipe masikio. Wengine watawasifu majemadari, na miaka ile majemadari hawakuwa haba. Mimi namsifu Népomuscène, mshona kola, mtu wa Cibitoke, aliyeshuka uwanjani na koleo la kuazima mkononi, akapigana na dirisha, akalishinda.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Katika ateliye moja ya mtaa wa Nyakabiga, karakana iliyoshona sare za wanafunzi, alitawala patron Birindwa, bwana wa vyerehani, ambaye kikohozi chake tu kiliharakisha sindano. Ndiye aliyelipigilia misumari dirisha la pekee la chumba kile, lililokuwa juu ya meza ya kukatia, ili macho ya washonaji yasitoroke kwenda barabarani. Risasi zilipozidi kulia mjini, akaazimia kurudi kwao Bukavu. Alitafuta mnunuzi asimpate, kwani nani anunue cherehani katika mji ambao watu wanauza hata milango yao? Basi akawakusanya wafanyakazi wake saba mbele ya mwanasheria, akawakabidhi ateliye, akasema, "Sasa ma-patron ni nyinyi," akapanda gari, akaenda zake.

Siku hiyo uliliwa wali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Akachaguliwa Tajudini wa Buyenzi, mkata vitambaa, Simba wa Mkasi, awe prezida. Kesho yake wakaingia kazini saa ile ile, wakainama vile vile, wakaogopa yale yale. Maana wafalme walikuwa saba, wala hapakuwa na hata mmoja aliyejua mfalme huanzaje siku yake.

Ndipo lilipokuja janga. Nguzo za umeme ziliangushwa huko milimani, na pasi ya umeme ikafa. Akasimama Caritas wa Mutakura, Malkia wa Mikunjo, mama asiyeshindwa na kitambaa chochote, akaifufua pasi ya makaa. Lakini mlango wa chumba ulitazama ujia mwembamba usio na upepo, na moshi, ulipokosa pa kutokea, ukafanya makao. Haikupita wiki, Caritas akapepesuka, akaangukia lundo la sare. Wakambeba nje, wakampepea kwa kipande cha kaki.

Alipopata pumzi alisema, "Risasi zote hizi ziko mu mji, na mi nife na moshi wa pasi? Apana. Ile dirisha ifunguliwe."

Tajudini akajinyoosha, kama ilivyowapasa maprezida. "Dada Caritas, neno lako ni la haki. Lakini ile dirisha alifunga patron. Lazima kwanza tuombe ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa patron."

"Na patron ni nani sasa?"

Tajudini akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Ni sisi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake.

"Basi omba."

Akaomba. Akawaomba wote kwa adabu kubwa, na yeye mwenyewe akiwa miongoni mwa walioombwa.

Likakaa baraza kuu, na vyerehani vikanyamaza. Wa kwanza kunena alikuwa Népomuscène, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye hata uzi ukikatika alishtuka.

"Wenzangu, mi ni muoga, na woga wangu iko na sababu. Kwetu Cibitoke grenade iliingia kwa jirani. Haikupita mulango, ilipita dirisha. Watoto walikuwa wanakula. Tangu siku ile, nikiona dirisha wazi, mugongo unakuwa baridi. Mi nasema ibaki vile iko."

Hakuna aliyecheka. Caritas aliinamisha kichwa, kisha akajibu polepole. "Pole, ndugu yangu. Sisemi woga wako ni bure. Lakini moshi yenyewe imekwisha kuingia, haikungoja dirisha."

Wakapiga kura kwa vifungo ndani ya kopo la majani ya chai: cheupe lifunguliwe, cheusi libaki. Vyeupe vikazidi kwa kifungo kimoja. Wakashangilia, wakapeana mikono, wakarudi mahali pao. Na dirisha likabaki limefungwa kama zamani.

Tajudini akamtazama Léoncie, mshona marinda. Léoncie akasema, "Mi nilipiga kura tu. Sikusema nitapanda juu ya meza."

"Zamani patron angetuma mutu," Tajudini akanung'unika, na wote wakahisi, kwa mara ya kwanza, kwamba wamemkumbuka Birindwa.

Ndipo Népomuscène akainuka. "Nani ako na koleo?"

"We?" akauliza Caritas. "Si ulikataa?"

"Nilikataa, nikashindwa. Lakini kifungo changu kilihesabiwa. Kama nasaidia tu siku nimeshinda, basi mi ni mugeni hapa. Tena mutu muoga ndiye anajua dirisha inafunguliwa namna gani."

Akaenda kwa jirani mfuga kuku, akarudi na koleo na kipande cha wavu wa waya wa banda la kuku. Akapanda mezani. Msumari wa kwanza ulitoka ukilia kama fisi. Wa pili ulikatika kichwa, ukabaki ndani kwa ukaidi wa mzee aliyeshika kutu. Akaung'ata kwa koleo, akauzungusha, jasho likamtiririka, naye hakushuka. Ndipo rangi ya miaka mingi ikapasuka, mbao zikaguna, na dirisha likafunguka. Kabla upepo haujajua kuna nafasi, Népomuscène alikwisha kutandaza waya na kuupigilia pande zote nne, grenade isipate pa kupita.

Upepo wa ziwa ukaingia. Moshi ukatoka bila kuaga. Kisha majivu ya pasi yakaruka juu ya kola nyeupe, na vipande vya kitambaa vikapaa chumba kizima. Watu wote wakavirukia. Hakuna aliyeamrishwa. Simba wa Mkasi mwenyewe alitambaa chini ya meza akifukuza mfuko wa shati.

Barabarani mama mmoja akasimama mbele ya waya. "Patron yuko?"

"Yuko," akajibu Népomuscène, angali juu ya meza. "Unataka yupi?"

Tajudini akatoka chini ya meza na mfuko wake, akasimama mbele ya wenzake kutoa hotuba iliyoistahili siku hiyo. "Ndugu zangu," akasema, "leo tumefungua dirisha." Akatafuta la kuongeza, hakuliona, akakaa. Ziko falme zilizohutubiwa kutwa nzima kwa ushindi mdogo kuliko huo.