Mtori wa Spea

Kahawa ya Mama Chungu pale Majengo haina sukari, na wanaoinywa hawana haraka. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa na watu watatu. Vedastus anauza vipuri vya magari chakavu, kwa hiyo anaitwa Spea. Wenseslaus ni karani mstaafu ambaye kila jambo kwake lina kifungu, wakambatiza Katiba. Wa tatu ni Rodney wa bodaboda, aitwaye Bando, maana anaweza kulala njaa yeye lakini simu yake haikosi bando la intaneti. Ndiye aliyechokoza.

"Wazee, sikieni hii habari. Siku hizi watu wanalipia kupangiwa chakula. Simu inakuletea mpango wa wiki nzima: Jumatatu pika hiki, Jumanne kile, sokoni nunua hivi na hivi. Ukikwama, unatumiwa sauti ya kukuelekeza."

Katiba aliweka kikombe chini. "Wanalipia kuambiwa wale nini? Kwetu mpango ulishapitishwa tangu enzi za babu, mbe. Leo ndizi, kesho ndizi na maharage, keshokutwa ndizi zilizobaki jana. Kifungu kimefungwa."

"Hiyo ni ya wasiojua kupika, mzee."

"Asiyejua kupika aoe."

"Na aliyeoa, mke akisafiri?"

"Afunge na kuomba mpaka arudi."

Wakacheka. Spea naye alicheka, tena akazidisha, kwa sababu alikuwa ameguswa palepale. Mkewe Salvina yuko Mkuu, Rombo, alikokwenda kumhudumia binti yao Gladness aliyejifungua. Huku Njoro amemwachia mumewe watoto wawili wa shule na jiko ambalo Spea, tangu aoe, alikuwa akiliingia kutafuta kiberiti tu. Mwanzoni aliwalisha wanawe mayai na mkate, kisha mkate na mayai, hadi Aika, aliye mkubwa, alipoomba kwa adabu kama wangeweza kuhamia kwa jirani. Ombi lile lilimuuma sana Spea. Ndipo akajiunga kimyakimya na huduma hiyohiyo wanayoicheka.

Kasheshe ilikuwa kuchagua. Mpango wa familia ulimtaka akune nazi, na Spea alizaliwa Kibosho, nazi anaiona dukani. Mpango pekee wenye vyakula anavyovijua ulikuwa wa kina mama waliotoka kujifungua: mtori wa ndizi na nyama, supu ya kongoro, uji wa maziwa. Akauchukua huohuo. Tumbo halina kadi ya kliniki, alijiambia. Na kweli, watoto walikula wakalamba sahani, na siku Aika aliposema, "Baba, ongeza," Spea alitoka nje kidogo ili asionekane akifuta macho.

"Spea, mbona kimya?" Bando akauliza. "Shemeji hayupo, mnakula nini?"

"Tunakula tu."

Mama Chungu akaacha kupepea mkaa. "Mwacheni. Anakula kuliko nyinyi wote, Njoro nzima inajua."

"Inajua nini?" Spea aligeuka.

"Baba Gladness, mimi ni mtu wa kahawa, sipendi maneno." Anayapenda kuliko hiyo kahawa. "Ila Magreth, jirani yako, anakuona ukitoka sokoni na ndizi mshare, nyama ya mifupa na maziwa. Juzi hivyo, jana hivyo. Mtori asubuhi, mtori jioni. Nani Uchaggani anapikiwa mtori mfululizo?"

Katiba alikohoa. "Mwanamke aliyejifungua. Hilo halina rufaa."

"Na mwanamke mwenyewe anasikika. Kila jioni Magreth anamsikia jikoni: 'Ponda taratibu, baba. Onja chumvi. Hapohapo, umefanya vizuri.' Sauti ya Dar, imelainishwa."

Bando akapiga mluzi. "Kaka, kumbe umemweka mtu ndani, na mtoto juu?"

"Hakuna mtu. Ni simu."

"Simu inakuita baba?"

"Inamwita kila mtu baba."

"Hata mimi ningejitetea hivyohivyo," alisema Katiba.

Spea akatoa simu kwa hasira. Liwalo na liwe, wasikie wenyewe, aibu ya kupika ni afadhali kuliko hii. Akabonyeza sauti ya asubuhi ile. Sauti laini ikatanda benchi zima: "Hongera, baba, kwa kumjali mama. Mtori wa leo utamwongezea maziwa. Mpe ukiwa wa moto, na umwambie anapendwa."

Katiba akaitikia kwa kichwa.

"Ushahidi umepokelewa," alisema Katiba.

"Nilichukua mpango wa waliojifungua kwa sababu ya ndizi," Spea alijieleza, na hata yeye akajisikia muongo.

"Wa kumwambia hayo si mimi," alisema Mama Chungu. "Habari ilishapanda Mkuu. Salvina ameteremka na gari la alfajiri. Kaka zake wanasubiri simu yake tu, na unawajua wale."

Spea anawajua. Akiondoka Salvina, nyumba imekwisha, hata apike mtori wa namna gani. Alisimama akimbie nyumbani, lakini Salvina mwenyewe alikuwa anavuka barabara, begi mkononi.

"Shikamoo, mzee Wenseslaus."

"Marahaba, mama," alijibu Katiba, akisogea mwisho wa benchi.

"Mama Gladness, ngoja nikueleze..."

"Kaa, Baba Gladness." Akakaa. "Nimepita nyumbani kwanza. Nimetafuta chumbani, uvunguni, mpaka banda la kuku. Hakuna mwanamke."

"Si unaona," Spea akashusha pumzi.

"Nimekuta sufuria ya mtori. Nimeonja." Sauti ikapungua. "Nani kaupika?"

"Mimi."

"Aika kaniambia hivyohivyo, nikadhani umemfundisha uongo."

"Ni mimi, mke wangu. Kuna dada kwenye simu ananielekeza. Anasema, nafanya."

Bando alitabasamu, maana kwake kesi ilikuwa imekwisha. Salvina hakutabasamu.

"Nimekuzalia watatu, Vedastus. Kila nikijifungua, mama yangu akisharudi kwake, nilikuwa naamka mwenyewe kuponda ndizi, mgongo unakatika, kwa sababu wewe hujui kupika. Nami nikakuonea huruma. Kumbe ilikuwa kazi ya kuambiwa na kusikiliza."

Spea alitazama chini.

"Ningemkuta mwanamke mle ndani," aliendelea Salvina, "ningejua la kuwaambia kaka zangu. Sasa niwaambie nini?"

Salvina akaokota begi lake.

"Narudi Mkuu. Nitakaa kwa Gladness mpaka mjukuu atambae, na nikija mara mojamoja nitakuja kula. Halafu namba ya huyo dada mtumie mkweo, mume wa Gladness, leo hii, kabla hajazoea. Naye anasema hajui kupika."