Mkia Mpya wa Gitaa la Kwaya

Jumatatu, 7 Oktoba

Lugembe tena! Leo mazoezini, mbele ya kwaya nzima, kasema solo yangu inakufa kabla waimbaji hawajavuta pumzi. Kasema kwa upole, huku anatabasamu. Mtu mwenyewe mpiga ridhim! Kazi yake ni kukwangua nyuzi na kunyamaza. Mpiga solo wa kwaya ya usharika wetu ni mimi, tangu siku gitaa lilipoletwa Tabora na mchungaji akaliombea.

Mwalimu wetu wa kwaya, Dafrosa, wala hakumkemea. Kasema atatusikiliza wote wawili Jumamosi. Atakayemridhisha ndiye atakayepiga solo Jumapili kwenye tamasha la kwaya kule Isikizya. Mimi nifanyiwe usaili! Nikishindwa, nitakaa nyuma ya Lugembe na kumkwangulia ridhim maisha yangu yote. Bora nihamie Igalula nikalime.

Ila hawajui kitu. Gitaa linalala kwangu, na nimeshaagiza mkia mpya kutoka Dar. Mkia ni kile chuma kwenye tumbo la gitaa kinachoshika ncha za nyuzi. Wa zamani ni mzito kama kufuli la ghala. Huu mpya ni wa aluminiamu, mwepesi. Jamaa mmoja kwenye video ya simu anaonyesha: ukiufunga, noti inaishi mpaka uichoke mwenyewe. Kazi ya bisibisi tu, anasema.

Jumanne, 8 Oktoba

Mkia umefika kwa basi. Unang'aa! Mke wangu Elieth kauliza kama gitaa limeharibika. Nikasema hapana. Akauliza sasa mbona nalifungua. Maswali ya namna hii ndiyo yanayorudisha nyuma maendeleo.

Nyuzi nimetoa. Mkia wa zamani nimetoa. Kumbe unakaa juu ya nguzo mbili fupi za chuma, na kila nguzo imejikita kwenye kikombe kilichogongomelewa ndani ya mbao. Nguzo mpya haziingii kwenye vikombe vya zamani. Jamaa wa kwenye simu hakulisema hili. Nikang'oa vikombe kwa koleo na nyundo. Vikatoka, na vipande vya mbao vikatoka navyo.

Vikombe vipya ni vyembamba zaidi. Vinacheza ndani ya matundu kama jino bovu. Kurudisha vya zamani haiwezekani tena, matundu yamepanuka. Elieth kachungulia, kaona, kaondoka anatikisa kichwa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimejaza matundu njiti za kiberiti. Nikafunga nyuzi, nikakaza taratibu. Paa! Mkia umeruka wote na nguzo zake, umepita juu ya kichwa changu, umevunja kioo cha kabati. Kabati la vyombo la Elieth. Alilopewa na mama yake.

Sitaandika aliyoyasema.

Jioni akaja shemeji yangu Kornel, kaka yake Elieth, kutoka Sikonge. Anafuga nyuki huko porini. Kamletea dada yake ndoo ya masega, asali inachuruzika. Nikaitazama ile ndoo. Nta! Babu zetu wa Kinyamwezi walizibia nta vibuyu na mitungi, na wala hawakuagiza kitu Dar.

Nikamwambia Kornel. Akacheka, akasema nta lazima ichemshwe kwanza, ichujwe, asali yote itoke. Nikamwomba Elieth sufuria. Akasema hakuna sufuria yake itakayoingia kwenye ujinga huu. Haya. Nimekata sega bichi, nimelikanda kwa mkono, nimelishindilia kwenye matundu pamoja na njiti. Kisha vikombe. Kisha nguzo. Kisha mkia.

Umeshika!

Ijumaa, 11 Oktoba

Bado umeshika. Gitaa linanata kidogo. Nimelifunika kanga ya Elieth. Amegundua. Siku mbaya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ushindi!

Si ushindi wote. Nilipochomeka waya kwenye amplifaya, ukatoka mvumo. Mzito, hauishi. Lugembe akauliza kama kuna trekta limeingia kanisani. Nikasema ni umeme wa siku hizi. Kwa kweli najua: kuna waya mwembamba wa athi ndani ya gitaa, wa kuzuia mvumo, uliokuwa unagusa kikombe, na sasa umezama kwenye nta. Lakini nani mwingine ajue?

Ndipo Lugembe akaona mkia. Macho yake! Akasema kwa sauti kwamba gitaa liliombewa likiwa zima, na chuma chake cha zamani, sasa hiki kigeni kimeombewa na nani? Akina mama wa sauti ya kwanza wakaguna. Mmoja akasema ndiyo maana linanguruma. Mwalimu Dafrosa kaamua kwamba baraka za gitaa zinakaa kwenye mbao. Mungu ambariki. Matundu hakuyaona.

Lugembe akapiga. Safi, lazima nikiri, na inaniuma. Kisha mimi. Nikabonyeza noti moja ya juu, nikaiacha. Ikaishi! Mwalimu Dafrosa kafumba macho. Alipofumbua, kasema Isikizya solo ni yangu, ila mvumo ule nitafute dawa yake kabla ya kesho.

Nimemwambia limekwisha hilo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika kwa jicho moja. Lingine limefumba.

Isikizya. Joto la Oktoba, turubai juu, hakuna upepo. Tulisubiri zamu yetu juani. Nikaona gitaa linatoa jasho pale mkiani. Nikalifuta kwa leso, nikailamba. Asali nzuri, Kornel anajua kazi yake.

Tukapanda jukwaani. Mvumo ukaanza. Nilitarajia. Mwalimu Dafrosa akanitazama. Fundi wa mitambo akapunguza sauti. Mvumo ukazidi. Akapunguza tena. Ukazidi tena. Akaja mbio kwa hasira akachomoa waya wa amplifaya kabisa.

Mvumo ukaendelea.

Watu wote wakatega masikio. Mchungaji mgeni kainua macho kwenye turubai. Mimi nikainamisha macho kwenye gitaa. Nyuki! Wamejaa mkiani, weusi tititi, na wengine wanakuja kutoka upande wa miembe. Kiangazi hiki maua yamekauka, na mimi nimesimama mbele ya kadamnasi na chakula chao shingoni.

Nilipaswa kutulia. Kornel husema hivyo siku zote. Nikapiga noti ya juu, ile ya jana, nikidhani sauti itawatimua.

Nta ilikuwa imeshalainika. Mkia ukang'oka, nyuzi zikalegea zote kwa mpigo, na nyuki wakakasirika wote kwa mpigo. Akina mama wa sauti ya kwanza walitoka kupitia ubavu wa turubai. Mchungaji mgeni alivuka viti kama kijana. Mimi nilikimbilia choo cha ofisi iliyokuwa karibu, nikajifungia. Nyuki wanaingia chooni. Sasa najua.

Kutoka humo ndani nikasikia kwaya inaimba. Wameanza upya, mbali, kwenye kivuli cha jengo, bila umeme. Lugembe alikuwa ameazima gitaa lisilo la umeme la kwaya jirani. Anapiga solo yangu. Noti zake fupi. Watu walipiga makofi mpaka nikaziba masikio.

Nililia. Sehemu fulani ni sumu ya nyuki. Sehemu nyingine siyo.

Jumanne, 15 Oktoba

Mdomo umeanza kurudi. Mwalimu Dafrosa kaja kunipa pole. Kakaa, kanywa chai, kasema kwa upole kwamba kuanzia sasa solo ni ya Lugembe, na gitaa litachukuliwa Jumamosi lipelekwe kwa fundi. Mimi nitapiga manyanga. Manyanga! Nilitaka kubisha, mdomo haukunyanyuka.

Alipoondoka, Elieth kasema yaliyopita si ndwele, kisha akanikanda uso kwa maji ya chumvi. Nilimpenda sana wakati ule. Akaniuliza kama sasa nimejifunza. Nikaitikia kwa kichwa.

Kornel kapiga simu kunicheka. Ana mizinga mitupu kule Sikonge, anauliza kama naweza kumwazima gitaa alitundike mtini. Mjinga. Ila alipomaliza kucheka alisema neno la maana: wale nyuki wadogo, wa kwenye magogo, hawaumi. Hawana hata mwiba.

Hawaumi!

Basi kosa lilikuwa moja tu, aina ya nyuki. Kila kitu kingine nilifanya sawasawa. Nimemwambia anitumie nta ya wale wadogo kwa basi la kesho, na asimwambie dada yake.

Gitaa linachukuliwa Jumamosi. Leo Jumanne. Muda ninao.