Daktari wa Samaki Weupe

Mtu akiitwa Asifiwe, walimwengu wanapaswa kumsifu. Asifiwe wa Bujonde, alipoona walimwengu wanachelewa, akajisifu mwenyewe. Aliwahi kuwa dalali wa kakao asiye na kakao, kisha fundi wa simu aliyejua kuzifungua tu. Safari hii alikuwa muuza mchele, na mchele wenyewe, Mungu ni shahidi, ulikuwa wa Kyela kweli.

Aliupeleka kwa pikipiki yake nyumbani kwa Emerensiana, afisa aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba. Sebuleni akakuta tangi la kioo. Ndani mlikuwa na samaki weupe kama maziwa, macho mekundu, na chini yao kamba wadogo wekundu wakichokoachokoa mchanga. Asifiwe akausahau mchele. Ziwa Nyasa lina samaki wa rangi tele, lakini weupe namna ile ungezamia hadi uzeeke usiwapate. Na Lameck, mnunuzi wa samaki wa mapambo aliyepiga kambi ufukweni Matema, alikuwa akiwatafuta kama mtu atafutaye mchumba.

Aliporudi na mchele mwingine, mfukoni alikuwa na dawa ya kakao, ile ya shaba ya kuzuia matunda kuoza. Tangu utotoni alijua kwamba baba yake akiosha bomba la dawa mferejini, kamba hufa, samaki hubaki wakishangaa. Mwenye nyumba alipoingia jikoni kutafuta chombo, Asifiwe akanyunyiza kidogo majini. Kyela nzima ilimjua kwa kupiga kamba; sasa alikuwa amewapiga kamba wenyewe.

Alipopita tena "kusalimia tu", Emerensiana alikuwa ameshika kijiko chenye kamba mfu.

"Wamekwisha karibu wote," alisema. "Maji nimebadilisha, pampu inafanya kazi, chakula ni kilekile. Sielewi."

Asifiwe alivua kofia kama aliyeingia msibani. Akanusa maji, akagonga kioo, akatega sikio.

"Dada, asili ya samaki hawa ni wapi?"

"Ukoo wao ni wa ziwa hilihili, nasikia. Hawa weupe nililetewa kutoka Dar."

"Basi ni ukiwa. Wanasikia harufu ya kwao na hawafiki. Kamba wametangulia kwa sababu roho zao ndogo. Wanaofuata ni samaki."

"Kumbe samaki nao hukumbuka kwao?"

"Wewe huikumbuki Bukoba?"

Emerensiana akakiri kwamba anaikumbuka. Asifiwe akajua ndoano imeshika. Akaeleza tiba: samaki wapelekwe Matema, wakae siku chache kwenye wavu kati ya mawe, kisha warudi wazima. Wasafiri kwenye ndoo iliyofunikwa, maana wakipigwa na mwanga njiani wanapofuka.

"Sawa, daktari. Lakini hawa ni roho yangu. Niachie pikipiki mpaka watakaporudi."

Asifiwe alitoa ufunguo bila kusita. Samaki wale wangemnunulia pikipiki mpya na mahari juu.

Kesho yake alikabidhiwa ndoo iliyofungwa kwa kitenge. Ndani, kitu kilijipiga kwa nguvu.

"Wamechangamka," alisema Asifiwe.

"Wamejua wanakwenda kwao," akajibu Emerensiana, akifuta jicho. Asifiwe alikaribia kumhurumia, akajizuia.

"Ndaga fijo, dada," alishukuru kwa Kinyakyusa, akadandia bodaboda.

Huko Matema, Lameck alikuwa ameshaandaa mifuko ya kusafirishia. Kitenge kikafunguliwa. Kambale wa majaruba ya mpunga wakainua vichwa, wakawatazama.

"Asifiwe," alisema Lameck taratibu, "hawa ni kambale."

"Safari imewabadilisha kidogo."

"Mpaka wakaota ndevu?"

Asifiwe akasogea pembeni, akapiga simu.

"Daktari, wagonjwa wamefika salama?" aliuliza Emerensiana.

"Umenipa kambale."

"Na wewe ulinipa shaba. Kwetu tunalima kahawa. Baba yangu alipulizia dawa hiyo miaka yote. Kitu kikiua kamba kikawaacha samaki, hatukiiti ukiwa. Na tangu nihamie hapa, mgeni aliyebaki peke yake na tangi langu ni wewe. Samaki wangu wako kwenye beseni bafuni, wazima."

"Na pikipiki?" aliuliza Asifiwe.

"Ipo. Niletee kamba wekundu kama wale, uichukue."

Simu ikakatika. Asifiwe akamrudia Lameck, sauti imelainika kama ya mkwe.

"Kaka, kamba wadogo wekundu, wale wa mapambo, wanapatikana?"

"Ninao Dar. Lakini ni bidhaa adimu."

"Bei yake?"

Lameck alimtazama kuanzia kofia hadi kandambili, akimpima.

"Una pikipiki?"