Siku Sita Bila Uongo

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Chumba namba kumi na nne. Dirisha moja, linatazama tangi la maji. Bahari iko upande wa Daktari.

Daktari ni mwanyumba wangu, yaani tumeoa dada wawili: yeye mkubwa, mimi mdogo. Ni daktari wa meno. Ukiongea naye hakutazami machoni, anakutazama mdomoni. Leo wakati tunapokea funguo kaniambia jino langu la nyuma kushoto halina siku nyingi. Mbele ya mhudumu! Nimefunga mdomo mpaka saa kumi.

Haya, jambo lenyewe. Mke wangu amepandishwa cheo. Ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuingia madukani na kumkamata mtu anayeuza kilo isiyo kilo. Mwezi ujao anahamia mji mwingine. Jioni, huku anakunja taulo, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba hajaamua kama atahama na mimi. Miaka kumi na moja ya hila zangu imemchosha. Anaomba wiki moja tu. Kuanzia leo hadi Jumapili nisimdanganye hata mara moja, hata kuhusu chumvi. Nikiweza, tunahama wote. Nikishindwa, anakwenda peke yake, nisimfuate, wala nisimtumie watu wa kumbembeleza.

Nikamwambia wiki moja ni kitu gani! Nikaapa. Akasema nisiape, nifanye tu.

Humu hapana wa kuniona, kwa hiyo naandika: nimeogopa. Nimeogopa sana. Bila yeye mimi nani? Mwalimu wa udereva, kutwa nimekaa kiti cha abiria katika gari la chuo nakanyaga breki ya pili.

Jumanne, 5 Agosti

Kifungua kinywa. Daktari kaingia amelowa, kwapani ana ubao wa mawimbi mrefu kama mlango. Kumbe tangu alfajiri yuko baharini anapanda mawimbi! Shemeji, mke wake, akatueleza jinsi mumewe alivyosimama juu ya maji bila hata kuyumba, kama mtu anayesubiri lifti. Mke wangu akacheka, akasema loo, inapendeza.

Inapendeza! Mimi mara ya mwisho kuambiwa neno hilo ni siku niliyotengeneza kitasa cha mlango. Na kitasa chenyewe alitengeneza fundi.

Nimepata wazo. Nitajifunza kimya kimya. Jumamosi nitajitokeza mbele yao, wima juu ya wimbi, na mke wangu atasema inapendeza huku ananitazama mimi. Hakuna mwanamke anayemwacha mume anayeweza kusimama juu ya maji.

Tatizo ni lile la kutodanganya. Nimelala chali saa nzima nikitafakari, nimepata sheria. Uongo ni maneno. Kunyamaza si maneno. Na neno la kweli ni la kweli hata ukilisema nusu. Nikamwambia kila asubuhi nitakwenda kutembea ninyooshe mgongo. Kweli tupu! Pale ufukweni wanapofundisha kupanda mawimbi huendi kwa kuruka, unatembea. Na mgongo utanyooka.

Akanitazama kitambo, kama anavyoutazama mshale wa mizani. Akasema haya.

Jumatano, 6 Agosti

Kocha ni mama wa makamo, mabega mapana, sauti imekauka kwa chumvi na kelele. Akanipa ubao wa sponji, rangi ya waridi, wa wanaoanza. Nikauliza kama hakuna wa watu wazima. Akajibu ubao haujui umri, unajua kilo.

Nusu saa mchangani, nimelala kifudifudi, napiga makasia hewani kwa mikono. Mbwa mmoja akaja, akakaa, akanitazama, akaona hapana maana, akaondoka.

Kisha majini. Maelezo yake mafupi. Nilale juu ya ubao, nipige makasia, wimbi likinisukuma atapiga kelele "simama!", nami nisimame. Mtoto mdogo anaweza.

Likaja wimbi. Kocha akapiga kelele: simama! Nikasimama. Yaani nikaacha! Mikono ikaganda, mguu wa kulia ukaenda wenyewe kutafuta breki. Miaka kumi na tisa katika lile gari, neno simama likitamkwa, mguu wangu unakanyaga. Wamepona watu wengi kwa mguu huu. Lakini wimbi halina habari na udereva. Likanipindua, nikala mchanga, nikanywa bahari, ubao ukaja kunimalizia kisogoni.

Kocha akanieleza taratibu: simama ya kuinuka, si simama ya kuacha. Nikamwambia basi atafute neno jingine. Akasema hilo amelitumia miaka yote na hajawahi kupata mwanafunzi anayefunga breki baharini. Mara saba akasema simama. Mara saba breki. Ya saba akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanipa maji ya kusukutua, akaniambia nisikate tamaa, mguu nao ni mwanafunzi, utasahau ya zamani.

Mama mwema. Nilipenda alivyosema.

Mchana mke wangu akauliza mchanga wa masikioni umetoka wapi. Nikasema ufukweni. Kweli tupu! Mezani Daktari akatufundisha jinsi ya kusoma wimbi, akitumia vijiko viwili na kopo la chumvi. Alikosea mahali pawili. Nikauma ulimi. Akasimamisha somo kunijulisha kwamba mdomo wangu wa chini una mchubuko.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilianza vizuri. Jaribio la tatu nikafika magotini. La tano nikaweka mguu mmoja chini sawasawa. Mguu umesahau breki! Kocha akapiga makofi kule majini. Nikasikia raha mpaka nikataka kulia, mtu mzima mimi.

Ndipo nikawaona ufukweni. Daktari, shemeji, mke wangu. Mke wangu akaingia majini mpaka mapajani, amejikinga jua kwa kiganja. Akanitambua. Akaniita. Hakuwa na hasira, nadhani alikuwa anatabasamu.

Wimbi likaja, kubwa kuliko yote ya wiki hii. Nikapiga makasia. Kocha akapiga kelele: simama! Simama! Nikasimama.

Wima! Miguu yote miwili! Sekunde tatu, nilizihesabu. Nikamwona Daktari mdomo wazi, nikayaona meno yake yote kwa zamu yangu. Sijapata kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Sekunde ya nne nilimfikia mke wangu.

Ubao ulimpiga mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Nilisikia mlio wake, sitauandika. Daktari alimtoa majini kabla sijajua juu ni wapi na chini ni wapi. Hospitali. Mfupa umevunjika mahali pawili. Wanasema hawana hakika kama vidole viwili vitarudi kufanya kazi. Vidole vile ndivyo anavyoshikia mawe ya mizani, yale madogo madogo.

Sikula. Shemeji hakunikaribisha pia.

Ijumaa, 8 Agosti

Meneja wa hoteli kaniita ofisini. Chumba kidogo, feni inalia, kalenda ukutani bado iko mwezi wa sita. Anataka maelezo kwa maandishi kwa kuwa kocha anafundishia katika ufukwe wa hoteli. Nikauliza ya nini. Akasema kama kosa ni la kocha, hatafundisha tena hapa. Kama kosa ni la mgeni, basi ni jambo la mgeni na familia yake.

La mgeni na familia yake! Yaani mke wangu. Yaani Jumapili.

Nikaandika: "Nilikuwa nafuata maelekezo ya kocha. Kocha alipiga kelele simama, nami nikasimama." Nikatia sahihi. Ichunguzeni karatasi ile kwa kurunzi, hamtaona neno moja la uongo.

Alasiri kocha akanisubiri penye ngazi. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Akauliza kama sikumwona ameinua mikono yote miwili juu. Nikasema nilikuwa natazama mbele, kama dereva anavyotakiwa. Akasema safari hii alimaanisha acha, kuna mtu, na aliita mpaka sauti ikakatika. Kweli, leo anaongea kwa mnong'ono. Nikamwambia, mama, neno ni lile lile, na Jumatano nilikuomba utafute jingine.

Kisha akasema tuongee mwalimu kwa mwalimu: niende kwa meneja nikaseme nilichokiona, kwa sababu ufukwe mwingine wa kufundishia hana, na kazi nyingine hajui.

Nikamwambia nitalifikiria. Na kweli nalifikiria. Hata sasa naandika huku nalifikiria.

Jumamosi, 9 Agosti

Mke wangu katoka hospitalini. Plasta toka begani mpaka vidoleni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, shemeji chumba cha pili akifunga mabegi kwa kishindo. Nikaanza kujieleza, akainua mkono mzima.

Akasema kuhusu mkono hana neno. Ajali ni ajali. Kuhusu kutembea na kunyoosha mgongo alijua tangu Jumatano. Mtu hatoki matembezini na mchanga ndani ya masikio. Alhamisi hakwenda kumtazama Daktari. Alikuja kunitazama mimi. Na alifurahi. Akasema ni miaka mingi hajaniona nikifanya kitu mwenyewe, kwa mikono yangu, nikianguka na kurudia. Alisimama mle majini akiwaza kwamba pengine tutahama wote.

Nilitaka kusema kitu. Nikakunja taulo badala yake.

Akasema limebaki swali moja tu. Amezungumza na kocha, kocha alikwenda kumwona hospitalini. Lile simama la mwisho, nililielewa au sikulielewa?

Humu hapana wa kuniona. Nililielewa. Mikono miwili juu maana yake simamisha gari, naifundisha mwenyewe, somo la pili, kabla mwanafunzi hajagusa usukani. Niliiona vizuri. Hata mguu wangu uliitafuta breki, masikini, haukuwa umesahau kitu. Nikaukatalia. Nilimwona mke wangu mbele, nikamwona Daktari anatazama, nikasema moyoni: atasogea. Ndivyo nilivyosema. Atasogea.

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Yeye akanisubiri. Hakunikazia macho, alinisubiri tu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Ningesema angelia, labda angenipiga kwa mkono ule mzima, halafu tungeondoka wote. Niliona usoni mwake kwamba ndivyo.

Nikasema sikuelewa.

Huo si uongo hasa. Kuelewa ni jambo pana. Nani anaielewa bahari?

Akatikisa kichwa polepole. Akasema asante. Akainuka, akaniomba nimfunge kamba za viatu kwa kuwa mwenyewe hawezi. Nikapiga magoti nikamfunga, mafundo mawili kila kiatu, imara. Alinishika bega asianguke. Mkono wake ulikuwa wa moto. Kisha akatoka kwenda kwenye gari la Daktari. Sikuambiwa niingie, na kiti cha nyuma kilijaa mabegi. Daktari alinipungia, safari hii akinitazama machoni. Sikuipenda.

Nimekaa, nimetafakari. Kwa kweli kapokea vizuri kuliko nilivyodhani. Hakufoka, hakulia, kashukuru. Bila shaka ametangulia kupanga nyumba, mtu mwenye plasta hataki vurugu za kuhama na mume juu. Akitulia nitakwenda. Wazo lipo tayari: nitaomba kazi chuo cha udereva cha mji uleule, halafu siku moja tukutane sokoni, kwa bahati, nimembebea kikapu. Kasema nisimfuate. Kukutana si kufuata.

Siku sita, uongo sifuri. Imebaki moja, na chumbani hamna hata wa kumdanganya.

Nikashuka kula. Nilipita kwenye kibanda cha kocha. Kimefungwa kwa mnyororo, mbao zote zimeondolewa, hata ule wa waridi. Nikalifikiria tena.

Mhudumu wa ukumbi akauliza meza ya watu wangapi. Nikamwambia wawili, mwenzangu anakuja. Akaweka sahani mbili, glasi mbili, akavuta na kiti. Huo nao si uongo. Hajasema haji.