Blanketi la Miraba Sitini na Minne

Jumatatu, 4 Agosti
Naapa, mkono wa kulia juu ya jalada la daftari hili, kwamba nitaandika yote, hata yatakayoniaibisha. Mwalimu wetu wa lugha husema shajara inayoficha mambo ni kioo kilichofunikwa kitambaa. Basi naanza na kitambaa.

Dada yangu atajifungua mwisho wa mwezi. Jana mezani, mbele ya wote, nilitangaza kwamba nitamshonea mtoto blanketi la viraka. Mama akakohoa. Baba akauliza kama ni mikono ileile iliyomrudishia kifungo cha shati kwa kukishona pamoja na tundu lake. Ndiyo, ni hiyohiyo! Lakini Dada, Mungu amzidishie, akasema mwanawe hatatoka hospitali amefunikwa kingine ila blanketi la mama yake mdogo. Mama mdogo ni mimi. Nisipomaliza, mtoto atatoka uchi.

Binti wa shangazi, tunayemwita Bi Usahihi kwa sababu hupiga pasi hata leso, alitabasamu kwa mdomo wa juu tu. Akasema yeye ameshafuma shali. Ikae tu, maana akiba haiozi.

Akiba! Tutaona.

Mpango: miraba sitini na minne, nane kwa nane. Wiki tatu. Rahisi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata vitambaa! Fundi cherehani wa kona ya mtaa wetu amenipa mfuko mzima wa mabaki. Sharti: nimfumulie pindo za suruali saba. Nilimwambia nimekuja kujifunza kushona, si kufumua. Akasema, bila kutoa pini mdomoni, kwamba ushonaji ni kufumua, kushona ni mapumziko. Nadhani alitaka tu kibarua wa bure.

Jioni tulikata miraba, mimi na rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Yeye thelathini na miwili, mimi thelathini na miwili. Sentimita kumi kila upande, kila mtu na rula yake. Mikono ilikuwa inaniwasha kwa haraka. Sikuweza hata kumaliza chai.

Jumatano, 6 Agosti
Maafa. Tulipopanga miraba sakafuni, mstari wake na mstari wangu haikutani! Wangu unachomoza mbele kama ulimi wa mtoto mtundu. Nilimwambia rafiki yangu amepima kwa macho. Akanijibu kwamba mimi ndiye niliyepima kwa kiburi. Nikamwambia arudi kwao. Akarudi. Mkasi wake ukabaki.

Baadaye niliitazama rula yangu. Kabla ya sifuri kuna kipande kitupu, nusu sentimita hivi. Yeye alipima kuanzia kwenye sifuri. Mimi nilipima kuanzia kwenye ncha ya rula. Yaani miaka yote hii ya hesabu!

Daftari, hili unalijua wewe tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Niliamka kabla ya jogoo ili niipunguze miraba yangu nusu sentimita. Nikakata, nikakata, nikakata, huku nikisikiliza kama Mama ameamka. Nilipomaliza nikahesabu: sitini na minne. Nimepunguza yote! Yake na yangu! Sasa yangu ni kumi kamili na yake ni tisa na nusu. Ugonjwa uleule, mgonjwa mwingine.

Nikapunguza tena yangu. Baba akipita akauliza kama nashona blanketi au kibandiko cha jeraha.

Nilirusha mkasi chini ya kitanda. Kisha nikalala kifudifudi kuutafuta.

Jumamosi, 9 Agosti
Miraba yote imeungana! Inapendeza ukiitazama kutoka mlangoni. Ila imekuwa ndogo. Inahitaji ukingo mpana pande nne. Fundi hana tena mabaki ya kulingana.

Nilikaa sebuleni nikiwaza. Mbele yangu mapazia mawili ya kijani. Chini yake pindo za upana wa kiganja, zimekunjwa ndani. Kitambaa kizuri kinalala bure, hakionwi na yeyote! Mwalimu wa maarifa ya nyumbani ametufundisha kutotupa kitu.

Nilikata upindo wa pazia la kwanza. Pande mbili zikapatikana. La pili, pande mbili nyingine. Kisha nikaona la kwanza limekwenda upogo. Nikalinyoosha. La pili likaonekana refu. Nikalipunguza. La kwanza likaonekana refu.

Niliacha yalipofika usawa wa mkono wa kiti.

Jioni Mama alisimama mbele ya dirisha muda mrefu. Akasema haya mapazia yamerudi kwa kufuliwa. Baba akasema labda sakafu ndiyo imeshuka. Mama akalaumu sabuni za siku hizi. Nikasema kweli, sabuni za siku hizi hazina utu. Sikudanganya. Nilikubaliana tu.

Jumapili, 10 Agosti
Sikulala vizuri. Bi Usahihi alikuja kumsalimu Mama. Akaketi, akatazama dirisha, akanitazama mimi, akatazama tena dirisha. Akasema kumbe siku hizi hata mapazia yanavaa kaptura. Nilikimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Aliniuliza blanketi limefikia wapi. Nikamwambia liko pazuri. Liko chini ya godoro.

Jumanne, 12 Agosti
Siku mbaya kuliko zote, na nimeapa kuieleza.

Leo ilikuwa kazi ya kushikanisha tabaka tatu za blanketi: miraba juu, pamba katikati, shuka kuukuu chini. Sindano haipiti. Ikipita, uzi unakatika. Usipokatika, unafunga fundo. Nilishona nimelipakata, meno nimeyakaza, machozi nimeyazuia, bila kuinua kichwa saa nzima. Mama akaniita. Nikasimama. Blanketi nalo likasimama.

Nimelishona pamoja na sketi yangu ya shule!

Niliivuta. Ikalia kraa. Sikuweza kumwita Mama, kwa sababu ya ule ukingo wa kijani. Nikajibu naja, nikatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwa fundi, blanketi likining'inia mbele kama aproni ya mpishi. Muuza mboga aliniuliza kama kuna harusi.

Fundi aliweka pasi chini kwanza, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akanipa maji. Nikamwambia mimi sifai, nalitia moto hili dude, mtoto avae shali ya Bi Usahihi basi. Akasema, “Kunywa kwanza, binti yangu. Mkono wenye hasira haushoni, unachoma tu.” Akanionyesha: fumua mishono mitatu, si yote. Pumua. Tazama. Kisha mitatu mingine. Ukikutana na fundo, usilivute, lilegeze.

Mishono mitatu. Pumzi. Mitatu. Sketi ikatoka.

Nikiwa njiani kurudi nilipita kwa rafiki yangu na mkasi wake. Nikamweleza habari ya rula. Akaleta rula, akaniamuru nipime meza yao kuanzia kwenye sifuri. Mara kumi. Ya kumi nilipima huku tukicheka wote wawili.

Alhamisi, 14 Agosti
Dada amejifungua! Siku kumi na zaidi kabla ya wakati! Mtoto wa kike, mdogo, mzima, sauti kama filimbi. Wanatoka Jumamosi asubuhi. Blanketi lina ukingo upande mmoja tu!

Bi Usahihi ameshaifunga shali yake kwa utepe.

Ijumaa, 15 Agosti
Kutoka shule moja kwa moja kwa fundi. Rafiki yangu alianza kona moja, mimi nyingine. Mishono mitatu, pumzi. Mishono mitatu, pumzi. Nilitaka kukimbia, vidole vikakataa, na kwa mara ya kwanza nikavisikiliza.

Kivuli kikaingia mlangoni. Mama. Alikuwa ananitafuta. Akautazama ukingo wa kijani. Akauliza, polepole, hii rangi ameiona wapi.

Fundi akakumbuka kazi nyuma ya duka. Rafiki yangu akaingia chini ya meza kutafuta pini ambayo haikuanguka. Nikasema: “Sebuleni, Mama. Haikuwa sabuni.”

Nilisubiri radi. Mama alivuta kigoda, akaketi, akavaa miwani. Akaomba sindano. Akashona upande wa nne wote. Alipokata uzi kwa meno akasema mambo ya mapazia tutayazungumza mtoto akishafika nyumbani, nisidhani amesahau.

Jumamosi, 16 Agosti
Amefika! Amefunikwa blanketi langu, kidevu hadi vidole vya miguu, na kipande kikabaki cha kukunja. Angezaliwa mkubwa, lisingemtosha. Nadhani ndani yangu nilijua.

Shali ya akiba imekuwa mto. Bi Usahihi alisema miraba miwili ina mistari inayolala badala ya kusimama. Nikamwambia ni makusudi, imelala ili mtoto naye alale. Akaligeuza upande wa nyuma, akatazama mishono, akauliza nimetumia sindano namba ngapi. Ameuliza! Mimi!

Adhabu: nitakunja na kushona kwa mkono pindo mpya za mapazia ya nyumba nzima, na mkasi hauruhusiwi kuvuka mlango wa sebule. Ni haki.

Kisha mama mkwe wa Dada akalisifu blanketi mpaka masikio yakapata moto. Na kabla rafiki yangu hajanikanyaga mguu, nilishamwahidi la kwake. La kitanda kikubwa. Kabla ya shule kufungwa. Nimehesabu: miraba mia tano na kidogo. Wiki tatu. Rahisi.

Nimemwandikia Dada, aliyejifungia chumbani na mtoto, kijibarua cha kupelekwa na rafiki yangu, na hapa nimekinakili, maana niliapa kueleza yote:

“Dada mpendwa, mbusu mtoto. Nijibu leo hii, kwa mkono wa huyuhuyu anayekuletea. Kitanda cha mama mkwe wako kina upana gani, umepima kuanzia kwenye sifuri? Na, iwe siri yetu, mapazia yake ya sebuleni yana upindo mpana kiasi gani?”